Picha Mbili za Radi

Tangu mzee Nunow aanguke kutoka kwenye lori la mifugo na kuvunjika nyonga, alikuwa akilala chumba cha chini nyumbani kwa binti yake Weris, huko Galbet, mjini Garissa. Dirisha la chumba hicho lilitazama ukuta wa jirani. Mtu aliyezoea kulala akiwa na anga lote juu yake, sasa aliamka akiona mawe na saruji.

Ng'ombe wake kumi na tisa waliobaki walikuwa porini na mwanawe Abdiwahab, mahali fulani kati ya barabara ya Kotile na ile ya Dadaab. Mvua ilikuwa imechelewa, na ng'ombe walikuwa wamedhoofu kiasi kwamba wangeweza kuhama mara moja tu. Alasiri moja Abdiwahab alipiga simu akiwa amesimama juu ya kichuguu ili apate mtandao.

"Weris, muulize Aabo. Mawingu yako kusini, upande wa Kotile, na mashariki pia, upande wa Dadaab. Niende wapi?"

Baba yao alisikia. "Nipandishwe juu ya paa," akasema. "Nikiiona radi nitajua. Iliyo kali iko karibu, ng'ombe watafika. Iliyofifia iko mbali, watafia njiani."

Weris na jirani walijaribu kumwinua. Hawakufika hata mlangoni; maumivu yalimfanya azimie kwa muda. Alipozinduka, Weris alimfunika shuka.

"Nitakuletea radi hapa hapa, Aabo," akamwambia. Alikuwa na studio ndogo ya picha za pasipoti na harusi, na kamera yake ilikuwa nzuri.

Baada ya swala ya magharibi alipanda juu ya paa na stendi ya kamera. Radi zilikuwa zimeanza pande zote mbili. Alielekeza lenzi kusini, ambako taa za kituo cha mafuta ziliwaka, akapiga. Akaigeuza mashariki kwenye giza, akapiga tena. Alipotazama, picha hazikulingana hata kidogo. Radi ya kusini ilikuwa nyembamba kama uzi. Ya mashariki ilikuwa imeungua kwa mwanga, nyeupe tupu, matawi yake yameshikana.

Alidhani lenzi inakaa wazi kwa muda mrefu mno, akapunguza sekunde ishirini kuwa kumi. Ardhi ilizidi kuwa nyeusi, lakini radi zilibaki vile vile, kwa sababu radi hupita kwa kufumba na kufumbua hata lenzi ikae wazi kiasi gani. Akapunguza tundu la lenzi. Zote mbili zikafifia, lakini tofauti kati yao haikwisha. Akafuta kioo kwa upindo wa mtandio wake. Haikusaidia. Mawingu yalikuwa yanasogea, na simu ya Abdiwahab haikuwa na chaji ya kukesha. Akachagua picha mbili, akashuka na kompyuta.

"Aabo, hizi picha hazilingani," alisema. "Kuna kitu kwenye kamera sijakijua."

"Radi zenyewe zililingana lini?" Mzee alisogeza uso karibu na kioo cha kompyuta, akatazama kwa muda mrefu. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuona anga baada ya miezi mitano. "Hii kali ni ya upande gani?"

"Dadaab."

"Mwambie aende mashariki. Aanze sasa."

Weris alishika simu bila kupiga. Alitaka kusema wasubiri kesho, lakini kesho radi zisingekuwepo. Akapiga, akasema mashariki.

Asubuhi, mteja wa kwanza alipoketi kwenye kiti cha studio, Weris alitazama nyuma ya kamera, akaona ISO inabadilika yenyewe. Ndicho kipimo cha wepesi wa kamera kupokea mwanga. Alikuwa ameiachia kamera ijichagulie tangu harusi ya Jumamosi, na hakukumbuka kuirudisha. Alifungua zile picha mbili. Ya kusini ilikuwa mia moja, kikomo cha chini. Taa za kituo cha mafuta ziliifanya kamera iamini kuna mwanga wa kutosha. Ya mashariki, kwenye giza, ilikuwa elfu tatu na mia mbili, kikomo cha juu. Alizisawazisha kwenye kompyuta. Radi ya Dadaab ikawa kamstari hafifu, ya mbali ambako ng'ombe wasingefika. Ya Kotile ilikuwa kali.

Alimpigia Abdiwahab. Hapatikani. Alipiga hadi adhuhuri. Akaenda stendi, akawaomba madereva wa malori ya Dadaab wampe ujumbe kijana yeyote mwenye ng'ombe wekundu. Waliahidi. Hakuna aliyemwona.

Siku ya tatu wasafiri kutoka Kotile walifika na matope hadi magotini. Siku ya nane Abdiwahab alipiga kwa simu ya mtu.

"Niko Dadaab," alisema. "Hakuna tone. Wamebaki wawili, nao wamelala, hawainuki. Kuna mtu wa malori ya maji amekubali niwe utingo wake. Niombee radhi kwa Aabo. Nadhani niliwaendesha mbio."

Weris alisema atampigia baadaye. Aliingia chumbani, akakaa sakafuni kando ya kitanda, akamweleza baba yake yote: harusi, taa, ISO, na alivyojua asubuhi ile ile na kukaa siku nane bila kusema.

Mzee Nunow aligeuza uso dirishani, kwenye ukuta wa jirani.

"Mwambie mimi ndiye niliyeisoma radi vibaya," akasema.

"Si kweli, Aabo."

"Mimi sina muda mrefu wa kuchukiwa. Wewe utabaki naye. Mpigie."

Alipiga. Nyuma ya sauti ya ndugu yake injini ya lori ilikuwa inanguruma.

"Aabo anasema si wewe," Weris alisema. "Anasema aliisoma vibaya."

"Sawa," alijibu Abdiwahab. "Wananiita nipande." Simu ikakatika.