Sakafu Mbichi ya Mzee Bernado

"Polepole, Mama Esta! Hicho kidole bado nakihitaji."

"Unakihitaji kwa kazi gani, na nje hutoki?" Nyamburi alijibu bila kuinua kichwa. Ncha ya pini ilizunguka pembeni ya ukucha, ikamtoa funza mzima, mweupe, kama punje ya mchele. Akamdondosha kwenye kopo la mafuta ya taa. "Huyo ndiye wa mwisho."

Mzee Bernado aliitazama miguu yake ndani ya beseni la maji ya dawa kana kwamba ni ya mtu mwingine.

Tangu Jumatano ya Majivu, kila alipomaliza kuuza dagaa, Nyamburi aliwapitia wazee wa Bweri waliobaki peke yao, beseni kichwani. Hapa alikawia zaidi. Mzee huyu ndiye aliyekuwa mpiga ngoma wa kanisani. Alipofiwa na mkewe, nyumba ikajaa vumbi, vumbi likajaa funza, naye akawa anatembelea visigino, vidole juu, huku watoto wakimwigiza njiani. Mwishowe akajifungia. Pasaka mbili zilipita hivyo.

"Kesho Pasaka. Utakuja kanisani?" Nyamburi aliuliza.

"Ngoma nilikuwaga napiga nimesimama, mwanangu. Nikianguka mbele ya watu je?"

"Si utakuwa umeanguka kanisani? Unataka wapi tena?"

Mzee alicheka. Kisha kicheko kikamwisha. "Niache tu."

Neno hilo lilimchoma Nyamburi. Kwaresima nzima amepiga magoti kwenye vumbi hili, na mtu bado amejifungia! Lakini hakubishana. Alimfunga vitambaa safi, akampandisha kitandani, akaanza kukanda samadi ya ng'ombe na udongo. Vumbi likibaki, funza watarudi.

Jirani yake Rhobi akachungulia. "Mama Esta! Jumamosi Kuu wenzako wanasukwa nywele, wewe unakanda mavi?"

"Nywele zangu nitazifunika na kitambaa. Wewe lete maji."

Rhobi akaguna, akaleta.

Nyamburi alisiriba kwa kiganja, kuanzia ukutani, akirudi kinyumenyume mpaka akajitoa nje. Kizingitini alimwachia mzee katambuga, viatu vya tairi vya marehemu mumewe.

"Usikanyage mpaka ikauke," alionya. "Ukikanyaga, tutagombana."

Alfajiri mvua ilinyesha. Asubuhi ya Pasaka Nyamburi alikuja na chupa ya chai, akakuta mlango uko wazi. Kitandani hapakuwa na mtu. Vitambaa vya vidonda vilikuwa vimekunjwa vizuri, vimewekwa juu ya mto. Alitaka kuita, ndipo akaiona sakafu.

Nyayo. Zilikuwa zimezama kwenye sakafu mbichi, moja baada ya nyingine, kutoka kitandani hadi kizingitini, ambako katambuga hazikuwepo tena. Kisigino, wayo, na vidole vyote vitano.

Aliinama, kiganja tayari kusawazisha, kama mkono ulivyozoea. Mkono ukabaki hewani.

Akaurudisha. Akausukuma mlango hadi mwisho, jua liingie, zikauke hivyohivyo.