Maboya Matano, Vikapu Vinane

Sipendi mwalimu anayemkaririsha mtoto kitu asichokielewa. Mwalimu Tauraki alimpa Tiere wimbo: hasi na hasi ni chanya. Binti akaushika kama kasuku, kisha akapewa hasi tatu toa hasi tano, akaandika hasi nane. Hiyo ilikuwa mara ya tatu wiki ile.

Tiere ni mtoto wa marehemu dada yangu, nimemlea tangu ana miaka minne. Ijumaa ilikuwa siku ya mtihani wa kwenda shule kubwa ya kisiwa cha Rarotonga. Akifeli, angebaki nami hapa kisiwani Manihiki kukwangua chaza wa lulu. Na niseme kweli, nusu ya moyo wangu ilitaka abaki.

"Nane umeitoa wapi?" nikamuuliza.

"Si wamesema toa, Mama? Ukitoa, unazama."

Nikaelewa. Dhoruba ikitangazwa, kazi yake ni kufungua maboya ili kamba za chaza zishuke chini, mawimbi yasizipige. Kwake yeye kutoa ni kuzama, hakuna kingine.

Ningeweza kumwacha na kosa lake afeli, na hakuna ambaye angejua. Nikarudi kweli kukwangua chaza wangu, mpaka nikajionea aibu.

"Panda mashua, kichwa maji wewe."

Shambani kwetu, huko baharini, nikafunga kwenye kamba moja vikapu vinane vya chaza na maboya matano. Boya letu moja hubeba kikapu kimoja, halizidishi; basi boya nikaliita chanya moja, kikapu hasi moja. Kamba ikazama.

"Tumepungukiwa maboya mangapi?"

"Matatu. Hasi tatu."

"Haya, toa vikapu vitano. Ukigusa boya nakuchapa, mkubwa hivyo hivyo!"

Akapiga mbizi. Akafungua kimoja, cha pili, cha tatu, na kamba ikaanza kupanda. Alipomaliza cha tano akaibuka, akatazama maboya, akahesabu kwa kidole.

"Vikapu vitatu, maboya matano. Mawili yamezidi." Akapiga maji kwa kiganja. "Chanya mbili! Mama, nilitoa mzigo, sikutoa boya!"

"Punguza makelele, chaza watashtuka."

Hakupunguza. Tulishinda pale hadi mchana, nikimtajia namba naye akifungua, mara boya, mara kikapu, na kila mara akiniambia kamba itakwenda wapi kabla hajaigusa. Wimbo hakuuimba tena.

Alifaulu. Mwalimu Tauraki alikuja mwenyewe kuniambia, kajaa tabasamu kana kwamba kazi ni yake. Nikamkaribisha samaki, nikamwacha ajisifu.

Siku ya meli Tiere alinishika mkono gatini, hataki kuuachia.

"Mama, kazi ya shamba utaiweza peke yako?"

"Kabla hujazaliwa nilikuwa naiweza. Nenda, watu wanakusubiri."

Nilikuwa namdanganya. Nilisimama nikimpungia mpaka meli ikapotea, kisha nikaketi pale pale gatini nikalia.