Kuangushwa na Baba Misumari

Daktari alisema waziwazi, tena mbele ya mke, ili asije akasingiziwa baadaye: mgongo uliopasuliwa hauinui ndoo, haubebi mtoto, hauinami kuokota hata sindano. Ukiteguka tena, miguu basi. Kuhusu kubebwa mabegani na kubwagwa jukwaani na mpiganaji mstaafu wa mieleka, hakusema kitu. Mwalimu wa udereva akaona hapo pana mwanya, na yeye akiona mwanya hupita.

"Hakunikataza," alimwambia mkewe.

"Hata kulamba betri ya gari hakukukataza. Nenda kalambe."

Mkewe alikuwa msusi, na kwa miaka yote ya ndoa aliishi na wageni ambao hakuwaalika. Alikuwepo Radi ya Mchana, shujaa wa mashujaa, aliyekwisha kutangulia mbele ya haki. Walikuwepo Pacha wa Chuma, ambao hawakuwa pacha wala hawakufanana. Na alikuwepo Baba Misumari, mwovu wa waovu, mwenye koti jeusi, aliyewapulizia wenzake unga machoni kila mwamuzi alipogeuka, na mwamuzi, Mungu ambariki, aligeuka sana. Wote walibandikwa sebuleni. Picha ya harusi ilikaa koridoni, karibu na mita ya umeme.

"Wa siku hizi si wapiganaji," mume alizoea kusema, mkono ukishika kiuno. "Wamepakwa mafuta kama bawaba. Zamani mtu akianguka, sakafu yenyewe inaomba msamaha."

"Ni maigizo, mume wangu."

"Maigizo! Radi alilala hospitali mwezi mzima!"

"Labda alikuwa na malaria."

Maneno kama hayo yangeweza kuendelea mpaka uzeeni bila madhara, kama chama cha mashabiki wa zamani, yaani wazee kadhaa wenye miwani na presha, kisingegundua kwamba Baba Misumari bado yu hai. Wakamwalika ukumbini, Jumamosi mchana. Mwanachama mmoja angepanda jukwaani kuonyeshwa ile mbinu yake ya Kupigilia: unabebwa mabegani, unazungushwa mara tatu, unatupwa. Kura ikapigwa na fundi redio, rafiki wa mwalimu tangu utoto, na ikamwangukia mwalimu. Msusi hakushangaa. Alikuwa na hakika vikaratasi vyote viliandikwa jina moja.

Alibembeleza. Alinuna. Alificha viatu, na mume akasema wanamieleka wengine walipigana pekupeku.

"Nilipokuwa nimelala kule hospitali," mume alisema, safari hii bila mzaha, "nilijiambia, nikitembea tena, kuna kitu kimoja tu duniani ninachokitaka."

Msusi akangoja, moyo ukianza kulainika.

"Niguswe na Baba Misumari."

Kesho yake alifunga saluni mapema, akaenda kumtafuta huyo Baba Misumari mwenyewe. Mwovu wa waovu alikuwa anauza magodoro. Alikuwa mzee mpana, mpole, masikio yamesinyaa kama uyoga mkavu, na alimkaribisha mteja kwa kumwonyesha pa kulala.

"Jaribu hili, binti yangu. Mgongo utakushukuru."

"Mzee wangu, mgongo ndio ulionileta." Akamweleza yote: kisu, daktari, miguu, Jumamosi.

Mzee alisikiliza akipapasa godoro kama anayepapasa ng'ombe. Kisha akaenda kufunga mlango, akarudi akiongea chini chini.

"Nitakuambia jambo, na utakufa nalo. Mimi sijawahi kumwumiza mtu. Kila niliyemtupa nilimshusha. Kishindo kile ni mguu wangu, napiga mbao. Ndiyo maana wote walitaka kupigwa na mimi. Radi alipanga foleni."

"Na ule mwezi wa hospitali?"

"Malaria."

Msusi alilazimika kukaa kwenye godoro.

"Basi Jumamosi nitaanguka mimi," mzee alisema. "Nitampa mkono, avute kidogo tu, nijitupe mwenyewe. Atakuwa amempiga Baba Misumari. Nani atakataa zawadi hiyo? Lakini mama, usimwambie. Hata akiwa analia. Sisi hatusemi. Kuna wenzangu wamezikwa nalo."

Aliapa. Jumamosi alikaa mstari wa mbele, ametulia kuliko mke yeyote ukumbini, akimwangalia mumewe anapanda jukwaani na mkanda wa mgongo juu ya fulana, kama kifurushi cha posta. Baba Misumari alitokea na koti lake jeusi, wazee wakazomea kwa furaha mpaka meno ya mmoja yakaanguka. Mzee akanguruma, akamtolea mwalimu mkono. Mwalimu akaushika. Mzee akayumba, akaanza kwenda chini vizuri kabisa.

Hapo ndipo msusi alipojua kwamba wao wawili hawakumfikiria mtu wanayemwokoa. Mtu mwingine yeyote angeshukuru ushindi wa bure. Mumewe alimdaka mzee kwapani, akamsimamisha.

"Hapana, mzee! Unakosea! Pambano la mwisho ulishinda wewe! Mguu wa kushoto mbele, ndipo unanibeba!"

"Niache nianguke, bwana wee," mzee alinong'ona.

"Siwezi kukubali! Watu hawa wanajua historia!"

Na wazee, kwa kuwa kweli walijua historia, wakapaza sauti: "Pigilia! Pigilia!" Mwalimu akamrukia mzee mabegani mwenyewe.

Msusi alisimama. Mzee alimtazama kutoka kule juu, akakunja uso, akageuka na mzigo wake. Mara moja. Mara ya pili, goti likatetemeka. Mara ya tatu, akajikunja chini yake, bega lake likatangulia kufika, akamlaza mwalimu juu ya kifua chake na kumsukumia sakafuni taratibu, kama mama anayeondoa mkono chini ya mtoto aliyelala. Mguu ukapiga mbao. Ukumbi ukatikisika.

Msusi alifika jukwaani hajui amepitia wapi. Mumewe alikuwa amelala chali, machozi yakimtiririka masikioni.

"Vidole! Chezesha vidole vya miguu!"

Vikacheza, vyote. Nyuma yake, mzee alikuwa anashuka ngazi polepole, mkono mmoja umening'inia kama wa kuazima, akiwaambia mashabiki kwa sauti ya jeuri kwamba huyu hakuwa mzigo, alikuwa kuku.

"Umeona?" mwalimu alihema. "Umeona alivyonibwaga? Hana huruma yule mtu!"

Msusi alimtazama mzee akitokomea mlangoni, bega limeshuka upande. Maneno yote yalikuwa mdomoni, yamepangwa, yangemwanika mumewe mbele ya chama kizima na kumaliza ubishi wa ndoa nzima.

"Hana," alisema. "Nilidhani nimeshakuwa mjane."

"Na wewe ulikuwa unasema maigizo!"

"Nilikosea," alisema msusi, neno ambalo mumewe hakuwahi kulisikia kwake, akamshika kwapani na kumwinua bila haraka.