Chupa Isiyo na Lebo

Kompyuta ya Zuhra, mwenye duka la kuchapisha, ilipofungwa na wahalifu wa mtandaoni, Bibi Emerensiana alikuwa amesimama pale pale kaunta, akisubiri kuchapishiwa karatasi zake. Aliona mafaili yakibadilika majina moja baada ya jingine, kisha maandishi mekundu yakajaa kwenye kioo: lipa, la sivyo hutayaona tena. Barua za watu za kuomba kazi, picha za harusi, mitihani, vyote vimefungiwa. Zuhra alijishika kichwa, lakini neno lake la kwanza lilikuwa la kumwonya mwenzake. "Bibi, flashi yako usiichomeke popote tena."

Bibi alipanda kilima kurudi Matogoro akiwa na wazo moja tu. Tangu astaafu unesi wa kliniki ya watoto, alikuwa akikusanya maneno ya Kingoni ya wakunga wa zamani, kila neno na jina la aliyelisema. Wakunga walikuwa kumi na mmoja, na saba walishazikwa. Flashi ikiwa haifai tena, maneno yao yamebaki kwenye kompyuta moja tu, yake ya nyumbani.

"Hao siwaachii wezi," alisema kwa sauti njiani, hata mwenye baiskeli akageuka.

Asubuhi akaja Osmund, mwalimu wa kwaya, amelowa mpaka magotini.

"Shikamoo mama. Nimesikia ya Zuhra, nimekuletea antivairasi." Akatoa flashi aliyoifunga vizuri ndani ya mfuko wa nailoni. "Ni ile ya kulipia, ila imeshakrekiwa, kufuli lake limevunjwa. Utaitumia bure mpaka kiama."

"Marahaba, baba. Imetoka wapi?"

"Kwa jamaa mmoja wa Lusewa. Naye alipewa."

"Na aliyempa?"

"Mama nawe! Hii ni antivairasi, si mchumba wa binti yako."

Wakacheka. "Haya, inawekwaje?"

"Rahisi. Kwanza unazima kinga iliyokuja na kompyuta, maana itapiga kelele kwamba hiki ni kirusi. Ukishaizima, unaweka."

Bibi akaacha kucheka. Miaka thelathini na moja alishika chupa za chanjo. Mama angeweza kuwa ametembea na mtoto mgongoni tangu alfajiri; chupa ikikosa lebo, aliambiwa pole na chupa ikatupwa.

"Osmund, umepanda kilima na mvua kwa ajili yangu. Hilo sitalisahau. Lakini hii ni chupa isiyo na lebo. Tena unataka nimfunge mbwa kwanza ndipo mgeni aingie."

"Basi umenikataa, mama."

"Nimekataa flashi. Wewe kunywa chai, tuichukue na kompyuta yangu, twende kwa Abdulatifu."

Abdulatifu, fundi kompyuta kutoka Tunduru, aliichomeka flashi kwenye kompyuta chakavu isiyounganishwa na kitu chochote. Hazikupita dakika mbili, onyo jekundu likatokea.

"Yaani nilikuwa namletea mama mwizi yule yule?" Osmund akauliza.

"Wallahi hukujua," Abdulatifu alisema, akamsogezea kiti. "Umeshaiweka kwako?"

"Bado. Nilimtanguliza mama."

"Ahsante kwa heshima," Bibi akasema, na Osmund akacheka kwa aibu. Kisha Bibi akamgeukia fundi. "Mimi nataka ya kulipia, yenye jina na risiti. Tena niwekee mbili. Chanjo haiwi dozi moja."

Abdulatifu alicheka mpaka akashika meza. "Bibi yangu, ukiweka mbili zitakamatana zenyewe, kila moja ikidhani mwenzake ni mwizi. Weka moja. Na hiyo uliyo nayo inatosha, ukiiacha iwake na kuisasisha. Ina sehemu ya kulinda mafolda, imelala tu. Dozi yako ya pili ni nakala. Unanakili kwenye diski ya nje, halafu unaichomoa."

"Lazima niichomoe?"

"Ikibaki imechomekwa, mwizi ataifunga hiyo pia."

Bibi aliona kwamba fundi amejikosesha mauzo kwa maneno hayo. Alichagua kinga ile ile aliyokuwa nayo, Abdulatifu akaisasisha na kuiwasha yote. Pesa aliyokuwa ameitenga, Bibi akanunulia diski mbili.

Nakala ya kwanza ilipokamilika, Abdulatifu alitaka kuichomoa. Bibi akamzuia.

"Ifungue. Nataka kuona kama wote wamo. Osmund, soma majina."

Osmund akasoma, Bibi akihesabu kwa vidole. Leticia. Jane. Emiliana. Kwenye jina la nne Osmund akasogeza uso karibu na kioo.

"Notburga wa Matogoro," akasema polepole. "Mama, huyu ni bibi yangu."

"Ndiye. Alinipa maneno tisini na mawili."

"Sikujua kama yumo."

Osmund alijifuta uso kwa mkono wa shati. Abdulatifu akapunguza sauti ya redio yake.

"Soma, baba," Bibi alisema. "Yamebaki majina saba, na bado kuna diski ya pili."