Kipa wa Siku Moja

Fundi cherehani alikuwa mkali kwenye kitambaa, na kwenye mpira ndiyo usiseme. Timu ya wasichana wa mtaa aliianzisha yeye, jezi kazishona yeye. Mwaka jana akademi ya soka ikamchukulia wachezaji wanne kwa mpigo. Siku hizi wakimwona njiani wanavuka upande wa pili. Wamevimba vichwa, alisema fundi, na akaacha kuwasalimia.

Alibaki na kumi na mmoja kamili, na ligi ya mitaa haina masihara: Jumamosi ukileta kumi, timu inafutwa.

Basi siku ya mechi ya kirafiki, alipomwona mwalimu wa akademi kasimama pembeni ya uwanja na daftari lake, alijua kaja kuchukua mwingine. Akamwita Umeme, mtoto wa dada yake, mshambuliaji ambaye mabeki humwona mgongo tu.

"Leo unakaa golini."

"Mimi, mama mdogo?"

"Wewe. Kipa aende mbele."

Kipa, ambaye hajawahi kuvuka nusu ya uwanja, alicheka mpaka akashika magoti.

Ujanja ulikuwa mzuri, ila Umeme hajui kushindwa, hata kwenye kuosha vyombo. Mpira wa kwanza akadaka. Wa pili akaurukia kama paka. Wa tano akautoa kwa kichwa, jambo ambalo kipa mwenye akili zake halifanyi. Huko mbele kipa naye akafunga bao kwa goti, akawauliza wenzake kama linahesabiwa.

Mechi ilipokwisha mwalimu alikuja moja kwa moja. "Fundi, namtaka yule kipa wako."

Fundi nusura acheke. Anyamaze tu. Wamchukue, wamweke golini, wamchoke, wamrudishe kabla ya Jumamosi. Kisha akamwona Umeme anapiga danadana na glovu mkononi, furaha tele, na aibu ikamshika kwelikweli.

"Yule si kipa, ni mshambuliaji. Nilimficha. Ukimchukua, Jumamosi timu yangu imekufa. Lakini ukimweka golini, nitakufuata huko huko na mkasi wangu."

Mwalimu alicheka. Fundi hakucheka.

"Na wale wanne wangu wanaendeleaje?"

Mwalimu akawa anapekua daftari bila kusoma. "Amebaki mmoja. Watatu tuliwaacha tangu mwezi wa tatu. Kwani hawajarudi kwako?"

Fundi hata hakuaga. Miezi yote hiyo watoto wanamkwepa kwa aibu, na yeye, mtu mzima na akili zake, ananuna! Alipitia kibandani kwake, akachukua jezi tatu na futi ya kupimia, akaenda kugonga mlango wa kwanza.

Msichana alifungua, akamwona, akainamisha kichwa.

"Nilidhani umenikasirikia, fundi."

"Nimekukasirikia sana," alisema fundi, akikunjua futi. "Umekua. Geuka nikupime mabega, Jumamosi tuna mechi."