Nyumba Isiyomtegemea Mtu

Shemeji yangu ni kinyozi, lakini tangu atazame video mbili tatu za nyumba zilizojengwa kwa takataka, mtaa mzima umelazimika kumwita Injinia. Alitangaza kwamba yeye na mkewe, dada yangu, hawatategemea tena umeme wa mtu wala maji ya mtu.

"Na kazi yote hiyo ataifanya nani?" dada yangu akauliza.

"Sisi," akajibu Injinia. Ana moyo mkubwa.

Kuta zilikuwa matairi chakavu yaliyoshindiliwa udongo. Aliyashindilia dada, kwa nyundo, huku Injinia akimpiga picha za kuwaonyesha wafuasi wake mtandaoni. Chupa za kupitishia mwanga aliziosha dada. Madirisha yalitolewa kwenye basi bovu. Hayo Injinia aliyachagua mwenyewe, kwa kuyanyooshea kidole.

Nyumba ikaisha, wageni wakaanza kumiminika.

"Humu hakuna bili," Injinia aliwaambia. "Nyumba inajiendesha yenyewe."

Nyuma yake dada alikuwa akisukuma pampu ya mkono, anapandisha maji ya mvua kwenye tangi. Bado hajafuta vumbi kwenye paneli za sola, bado hajageuza mboji ya choo.

Mama mmoja mtu mzima akamtazama. "Na huyu?"

"Huyo mke wangu."

"Aa. Nilidhani ndiye mtambo."

Wageni wakaangua kicheko. Dada aliiacha pampu. Alifungasha nguo, akaja kwangu.

"Nimeiacha ijiendeshe," akasema, akajitupa kitandani kwangu na viatu vyake.

Injinia alivumilia kishujaa, mpaka tangi lilipokauka. Nilipompigia simu alikuwa kwa mama yake, mdomo umejaa chakula. Alisema yuko kwenye utafiti.

Dada akarudi kuchukua sufuria zake. Nje jua lilikuwa kali. Ndani kuta nene zilikuwa zimetunza ubaridi, na chupa zilimwaga rangi ya kijani sakafuni. Akakaa chini. Aliniambia baadaye kwamba tangu wahamie, hakuwahi kukaa chini humo mchana. Sufuria zikabaki palepale, na yeye akabaki.

Injinia alipopata habari aliomba kurudi.

"Rudi," dada akamwambia. "Ila kazi tutagawana nusu kwa nusu."

Akasema atalifikiria. Bado analifikiria, na mama yake, maskini, ameshaanza kuchoka kumpikia.