Matanga ya Wilfried Beseni

Kamera yangu ilikamatwa Jumanne saa nne asubuhi, mbele za watu, kama mwizi wa kuku. Nilikuwa ufukweni hapa Baraka, mji wetu wa Kongo kando ya Ziwa Tanganyika, nikimpiga video bibi arusi aliyetaka aonekane akishuka kwenye mtumbwi, ingawa kwao ni nyuma ya soko na mtumbwi hajawahi kuupanda. Akaja Lionel, mwanaume mpana kuliko mlango, akanyoosha mkono kwa adabu zote, akiniita yaya kama dada yake mkubwa.

"Ya Félicité, unisamehe. Patron anasema ku port yake hakuna muntu wa kupiga video bila ruhusa."

"Port yake? Ziwa ni ya baba yake?"

"Leta tu, yaya. Usifanye nikunyanganye, nitasikia haya."

Nikampa. Msinicheke. Lionel alikuwa na haya, ndiyo, lakini pia alikuwa na ile mikono.

Patron mwenyewe, bosi wa Lionel, ni Wilfried. Jina la baba yake watu wamelisahau. Tunamwita Wilfried Beseni, kwa sababu kila mtumbwi uliotua na ndagala, wale dagaa wa ziwa letu, ulimtolea beseni moja. Usipotoa, asubuhi hukuti wavu wako. Hakuna aliyemchagua wala karatasi iliyompa haki hiyo. Alianza na beseni, akapanda hadi mbuzi, akachukua mlango wa nyumba ya mtu ukiwa bado na bawaba zake, akachukua pikipiki iliyokuwa imetoka machimboni Misisi mchana huohuo. Na sasa kamera yangu, niliyoipata kwa miaka sita ya kupiga arusi na ubatizo, nikisimama juu ya viti vya watu. Bila kamera ile mimi ni mama wa watoto watatu na sufuria tupu.

Siku ya tatu akaniita. Nilimkuta kwenye kochi ambalo hajalitoa nailoni ya dukani, amevaa miwani myeusi ndani ya nyumba.

"Mama Félicité, mi nimeangalia bafilme mingi sana. Bapatron ba ndani ya filme, batu banabaogopa na banabapenda. Mi hapa batu bananiogopa tu. Sasa we utanifanyia filme. Siku filme inaisha, kamera iko yako."

"Na kama nikikatala?"

"Ukikatala, iko yangu leo."

Basi nikawa mtengeneza filamu. Hivyo ndivyo sanaa ilivyoingia eneo letu la Fizi, ikisukumwa mgongoni.

Filamu tuliiita Simba wa Ubwari, kwa kuwa Wilfried alizaliwa huko ng'ambo, kwenye rasi. Kila jioni Lionel aliifungia kamera ndani ya sanduku la chuma, na kila asubuhi alinitolea akiwa ameifuta vumbi kwa shati lake. Tulianza na pambano. Guy, dereva wa pikipiki, alikuwa adui. Alitakiwa kumrukia patron, wapigane, kisha ashindwe. Nikasema, "Action!" Guy akaanguka kabla hajaguswa.

"Pardon, patron!" akalia kutoka chini.

Tukarudia mara tisa. Mara ya tisa alianguka wakati Wilfried bado anavua koti.

"Sasa we," Wilfried akafoka, "unapigana ao unaomba musamaha?"

"Vyote viwili, patron."

Mapenzi nayo yalitushinda. Mwanamke wa kumpenda simba hakupatikana, mpaka Gentille wa mgahawa alipokubali kumpenda kutoka mita ishirini, yeye akiwa mtumbwini na injini imeshawashwa. Ukitazama vizuri utaona anampungia mkono huku mtumbwi unazidi kwenda.

Lakini yote hayo ningeyavumilia. Kilichonichoma ni kwamba filamu ilikataa kuisha. Kila nilipoandika neno mwisho, Wilfried alilifuta kwa kidole akaongeza jambo: simba anakwenda Lulimba kukamata wezi, simba anafundisha watoto kuogelea, simba anaoga. Mwezi wa kwanza ukapita, wa pili, wa nne. Nilikosa arusi kumi na moja. Nilielewa kwamba ahadi yake ilikuwa na ujanja ambao labda hata yeye hakuupanga: mtu anayejipenda hivyo hawezi kumaliza filamu yake mwenyewe.

Nikaona niiue.

"Patron," nikamwambia, "simba akufe."

Akavua miwani. "Mi nikufe? Ndani ya filme yangu?"

"Mwenye anashinda, batu banamupigia makofi, kisha banarudia kwabo kula. Mwenye anakufa ndiye banamulilia. Tufanye matanga. Baraka muzima italia."

Akairudisha miwani usoni. Nikadhani atanitupa nje. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake:

"Batalia kweli?"

"Batalia."

"Na mama yangu ataiona?"

Lionel ndiye aliyenieleza baadaye. Mama yake yuko Ubwari, na kwa miaka sita kila kitu Wilfried alichomtumia kilirudi na mtumbwi uleule: sukari, vitenge, hata godoro. Mama hakuwahi kutuma neno lolote pamoja navyo.

Kazi ya jeneza tulimpa Libère, fundi seremala, mkimbizi kutoka Burundi aliye kambini pale Lusenda. Alimpima Wilfried mara tatu, bila haraka, na sijawahi kuona fundi aliyefurahia kipimo namna ile. Akatoboa matundu ubavuni kwa ajili ya hewa. Wa kuongoza matanga alikuwa Papa Isidore, mwalimu mstaafu anayeongoza matanga yote ya Baraka, ya Wakatoliki na ya Waprotestanti, maana ana sauti na ana tai. Nilimwambia tu, "Papa, fanya sawa unafanyaka siku zote."

Hapo nilikosea, na nilikuwa nimeshakosea mara moja tayari. Turubai nililisimamisha siku moja kabla, karibu na ufuko, nikapanga mabenchi na kuweka matawi ya michikichi barabarani ili asubuhi nikute kila kitu tayari. Kwetu turubai, mabenchi na matawi barabarani vina maana moja. Na kwetu hakuna mtu mwenye malezi anayefika matangani na kuuliza, "Je, ni kweli amekufa?" Unabeba unga wako wa muhogo, unakuja, unakaa. Mimi niliomba watu thelathini wa kuigiza. Asubuhi nilikuta mia mbili, na wengine bado wanashuka mitumbwini. Nikasema moyoni, asante Mungu, waigizaji wa bure! Mjinga mimi.

Wilfried alilala ndani ya jeneza lililo wazi, suti nyeusi, uso umepakwa unga wa muhogo, pamba puani, mdomo umeachama kidogo apate kupumua. Kwaya ikaimba wimbo mmoja. Kilio kilikuwa kidogo, lakini kilitosha. Nikampa ishara Papa Isidore. Akasimama, akanyoosha tai, akafanya sawasawa anavyofanya siku zote.

"Bandugu," akasema, "marehemu akienda na neno ya muntu, kaburi haimulazi. Mwenye iko na neno naye, aseme sasa, kisha amuachilie."

Sehemu hiyo nilikuwa nimeisahau kabisa, mimi niliyepiga video matanga yasiyo na idadi.

Halafu akainuka Mama Clarisse, muuza ndagala, akasogea hadi miguuni pa jeneza.

"Wilfried, uliniondolea wavu siku bwana yangu iko mugonjwa. Batoto balilala njaa. Nimekuachilia." Akarudi kukaa, akijifuta macho.

Hapo njia ikafunguka. Mwenye mbuzi akaja, akataja mbuzi kwa jina na rangi. Mwenye pikipiki akaja. Mwenye nyumba isiyo na mlango akaeleza jinsi anavyolala na kabati limeziba tundu la mlango, na watu wakacheka ingawa ni matanga, naye akacheka, kisha akasema, "Mi sijakuachilia kwanza. Nitafikiri." Guy akaja akasema yeye hana neno, anaomba tu pardon. Na mwisho akaja Lionel, ambaye alijua vizuri kuliko wote kwamba ni filamu, lakini machozi yalimshuka hadi kidevuni.

"Patron, miaka ine nabeba ndagala ya batu. Mama yangu anakatalaka kuikula. Ananiambia, hii samaki inalia."

Nilikuwa nyuma ya kamera na niliona kope za marehemu zinatetemeka. Ningeweza kusema, "Coupez!" Neno moja tu, la kukata. Lakini ule ulikuwa mwisho wa filamu, na mwisho wa filamu ulikuwa kamera yangu. Niliona haya, nakiri, na sikukata.

Ndipo tukasikia kilio kutoka majini. Mtumbwi kutoka Ubwari ulikuwa unatua, na ndani yake mwanamke mzee amefunga kitenge kiunoni, mikono kichwani. Habari ya turubai ilikuwa imevuka ziwa, na jina la mwanawe pamoja nayo. Watu wakampisha. Akapiga magoti kichwani pa jeneza, asione kamera, asione chochote ila ule uso mweupe wa unga.

"Mutoto yangu. We mwenye hukukulaka samaki mpaka umepatia mudogo yako kichwa. Nilikurudishia vitu nikisema utafuata vitu ukuje. Hukukuja."

Kisha akatugeukia sisi sote.

"Batu ba Baraka, nimesikia maneno yenu kutoka ku maji. Mumuachilie. Mabeseni yote alikula, nitayarudisha mimi. Ngali na nguvu ya kuanika ndagala. Moja moja, mpaka nikufe."

Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe. Kamera au hapana, sikuweza tena kunyamaza. Nilifungua mdomo niseme, "Mama, iko muzima," lakini nikawahiwa. Sikuhitaji kusema. Wilfried akaketi ndani ya jeneza.

"Mama, usirudishe! Mi nitarudisha!"

Jamani. Watu mia mbili wakatoka chini ya turubai kwa upande mmoja. Mabenchi yakaruka. Kwaya ilikimbia ikiwa bado na sauti zake nne, kila moja kwa njia yake. Papa Isidore alijitupa ziwani na tai yake, Biblia ameinua juu isilowe. Libère alibaki akipiga kelele, "Matundu! Niliweka matundu!" lakini hakuna aliyesubiri maelezo ya ufundi. Na mimi niliyeiandika senario, mimi niliyempaka unga kwa mkono wangu, nilikimbia pia. Nilifika karibu na soko ndipo akili ikanirudia, na pamoja nayo kitu kingine: nilikuwa nimeiacha kamera juu ya miguu yake mitatu, peke yake, inaendelea kurekodi.

Kwa hiyo niliyoyakosa kwa macho niliyaona baadaye kwenye video. Mama hakukimbia. Alimwangalia mwanawe, akamgusa shavu, akaangalia unga kwenye kidole chake, akauonja. Halafu akampiga kofi ambalo hatukuhitaji kulirudia mara tisa. Kisha akamkumbatia na jeneza lake, akalia na kucheka kwa wakati mmoja, na Simba wa Ubwari akalia kifuani pa mama yake na pamba puani.

Niliporudi, watu walikuwa wanakaribia polepole. Lionel, kwa mazoea ya miezi minne, alikuwa ameshaibeba kamera kuipeleka sandukuni.

"Hiyo ni ya nani?" mama akauliza.

Lionel akatazama chini. Wilfried akatazama mikono yake. Papa Isidore alikuwa ametoka majini, anachuruzika maji, na kwa kuwa kazi ni kazi, akakohoa.

"Kama iko mwingine mwenye neno na marehemu..."

"Haiko marehemu!" akafoka mama.

"Basi, na muzima."

Nikainua mkono.

"Kamera iko yangu, mama. Miezi ine naomba arudishe."

Mama akamwangalia mwanawe. Wilfried akatoa pamba ya pua moja, akatoa ya pili, akazitia mfukoni mwa suti.

"Lionel, mupatie. Lakini..."

"Lakini nini?" Mkono wa mama ulikuwa umeshainuka tena.

"Lakini asikate ile kofi," Wilfried akasema haraka. "Ndiyo pahali nimecheza muzuri."

Watu wakacheka hadi wengine wakakaa chini. Nikaichukua kamera yangu, ikiwa bado na joto la kufanya kazi peke yake, nikaikumbatia kama yule mama alivyomkumbatia wake.

Mlango ulirudi kesho yake, ukiwa na bawaba mpya. Wavu, mbuzi na pikipiki vilifuata, na mabeseni anayarudisha mpaka leo, akiwa majini hadi magotini, anayabeba mwenyewe huku mama yake amekaa juu ya jiwe anahesabu kwa sauti. Mitumbwi mingine inatua pale makusudi tu ili imwone.

Kofi sikulikata. Ukumbi wa video hujaa kila Jumapili, na kofi likifika, wote hugeuka kumtazama yeye, aliyekaa mstari wa mbele kati ya Lionel na mama yake. Hushika shavu, hutabasamu, na huniomba nirudishe nyuma tuone tena.